Pasteri Breki na Kamyo ya Kabichi

Vijana wa gereji, vijana wa kanisa, na ninyi mlio wa kote kuwili ambao mmenisumbua tangu Pasaka niwaandikie jinsi nilivyokuwa nahubiri kwa habari za redio: kaeni chini basi. Nianze na jambo ambalo hamtalisikia kwa mtu mwingine. Gikondo nzima, hapa Kigali, tangu mwaka 1990 mpaka mji ulipovurugika, hapakuwa na fundi wa breki kama mimi. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Kujisifu nitakuja nako mbele.

Shule niliishia darasa la nne, Bukavu, nikiwa na kaptula moja. Leo nina nyumba Kagugu niliyoisimamia mwenyewe tofali kwa tofali, na binti yangu wa pili anasomea udaktari. Mgongo ndio ulioniambia basi, nikaacha gereji kabla sijafikisha miaka sitini. Lakini miguu yangu bado ina akili. Nipeni gari lolote, niingie, nivue kiatu cha kulia, nikanyage pedali mara tatu, nitawaambia ugonjwa uko gurudumu gani. Ninyi mna mashine za kusoma gari. Mashine ikiharibika mnanipigia simu. Mnafikiri sijui?

Kuvua kiatu nilifundishwa na Mzee Kasongo, fundi mkuu wa gereji yetu, mtu mzima wa Bukavu vilevile, mwenye vidole vinene kama ndizi za kuchoma. Siku yangu ya kwanza nilikanyaga breki nikiwa nimevaa viatu vyangu vya kwendea kanisani. Akafungua mlango wa gari, akanitazama miguu, akasema, "Toa hiyo. Kiatu kinakuwekea uongo katikati." Nikatoa. Tangu hapo sikukosea breki. Nilikosea mara moja tu, na hiyo mara moja ndiyo mnayoisoma hapa.

Sasa mahubiri. Gereji ilikuwa na watu wa kila mahali: Wanyarwanda wenyewe, Warundi, watu wa Zaire, na madereva wa malori ya Dar es Salaam waliokuja kukaza kaza kabla ya kurudi. Kilichotuunganisha kilikuwa Kiswahili, kila mtu na chake. Saa sita mchana tulizima kila kitu. Mama wa chakula analeta mihogo na maharage, redio yangu inawekwa juu ya meza ya vyuma, na habari zinasomwa. Zikiisha nazima redio, napanda juu ya tairi la lori lililolazwa chini, nahubiri dakika kumi. Kumi tu. Mhubiri anayezidisha dakika kumi mbele ya watu wanaokula anahubiria sahani.

Njia yangu ilikuwa hii, na mwichukue bure. Habari ya kwanza ya redio ni ya wakubwa, iache. Ya pili siku zile ilikuwa ya vita, iombee, usiichezee. Ya tatu au ya nne ndiyo ya watu: nyumba imeungua, daraja limebebwa na mvua, mtu ameuza shamba lisilo lake. Hiyo ichukue. Uliza kama fundi: kimeharibika nini? Kimeharibikaje? Nani awezaye kukitengeneza? Ukishajibu hayo matatu umeshahubiri dhambi na wokovu, na hukuhitaji Kigiriki.

Niliyahubiri mengi. Vyama vya siasa vilipoanza kuwa vingi, kulikuwa na jirani yetu mmoja aliyekuwa na kofia tatu za vyama vitatu, anabadilisha kufuatana na mtaa anaopita. Nikapanda tairini nikauliza, "Siku Bwana akirudi, huyu atakutwa amevaa ipi?" Watu walicheka mpaka dereva mmoja wa Dar akapaliwa na muhogo, tukampiga mgongoni. Vita vilipofunga njia ya kaskazini, mizigo ikaanza kuzunguka Tanzania, chumvi ikapotea, vipuri vikapotea. Nikahubiri kwamba mtu aliyefunga njia ya toba anazunguka nchi nzima kutafuta amani iliyokuwa mlango wa pili. Watu wa gereji za jirani wakaanza kuja na sahani zao. Wakanipa jina: Pasteri Breki. Kanisani kwetu mchungaji mwenye cheti alikuwa na wasikilizaji waliosinzia. Mimi wangu walisimama na maharage mdomoni, hawatafuni.

Mtu mmoja tu hakusimama. Mzee Kasongo alikula kwa utaratibu wake, amegeukia ukuta. Siku moja nilimwuliza, "Mzee, mahubiri yangu hayakugusi?"

"Yananigusa," akasema. "Ila nimeona kitu. Mwenye dhambi wako siku zote ni mtu ambaye hayupo hapa."

"Habari ndizo zinazomleta!"

"Ndiyo. Anakuja na redio, anaondoka na redio. Sisi tunabaki wasafi." Akajilamba kidole. "Ni chakula kizuri, usikasirike."

Nilikasirika. Nilijiambia mzee ana wivu.

Basi sikilizeni kosa. Ilikuwa mwaka 1992, majira ya mvua ndefu. Mafuta ya breki yalikuwa yamekwisha mjini. Simaanishi yalikuwa ghali, hayakuwepo. Tulikuwa tumengoja mwezi mzima. Jumamosi moja akaja Silasi. Silasi alikuwa dereva wa kamyo ndogo ya kubeba mboga, kijana wa makamo yangu, mpole mno, mlokole asiyegusa hata soda yenye povu jingi. Pedali yake ilikuwa inakwenda mpaka chini. Raba za silinda zilikuwa zimechoka, mafuta yote yamevuja njiani.

"Pasteri," akaniambia, "Jumatatu nina kabichi za kushusha sokoni. Nisipokwenda, mwenye gari anampa mtu mwingine ufunguo."

Raba nilikuwa nazo, nilizikata mwenyewe kutoka kwenye raba kubwa; mkono wangu ulikuwa msumeno. Mafuta sikuwa nayo. Lakini mimi gari halikutoka mikononi mwangu likiwa bovu. Jina langu lilikuwa hapo. Nikaenda nyuma ya gereji na kipande cha sabuni ya kufulia, nikakikoroga kwenye maji ya vuguvugu mpaka yakawa mazito, nikayamimina kwenye kopo la breki, tukatoa hewa gurudumu kwa gurudumu, yeye akikanyaga mimi nikifungua. Pedali ikapanda juu, ngumu kama jiwe. Ninyi mtashangaa. Wazee wa gereji hawatashangaa: siku za shida wengi walifanya hivyo kusogeza gari kutoka uwanja huu mpaka ule. Kusogeza tu! Si kwenda nalo milimani.

Silasi akakanyaga, akacheka. "Umepata wapi mafuta?"

Nikamwambia, "Mungu ana wake."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Ningeweza kumwambia ni sabuni, usishuke mlima nayo, endesha bondeni tu mpaka tupate mafuta. Sikumwambia, kwa sababu uso wake ulikuwa umejaa sifa zangu, nami nilitaka uendelee kujaa.

Kwa nini asishuke nayo mlima? Wa gereji wanajua, wa kanisa nawaeleza. Mkishuka na mzigo mnakanyaga breki kwa muda mrefu, magurudumu yanapata moto, moto unaingia kwenye bomba. Mafuta ya breki yanavumilia. Maji yanachemka. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea kama mto wa kulalia: unakanyaga, pedali inashuka mpaka sakafuni, gari halina habari nawe. Halafu, nisikilizeni hapa vizuri, likipoa mvuke unarudi kuwa maji, na pedali inapanda tena, ngumu, nzuri, kana kwamba hakuna lililotokea.

Jumanne mchana redio ikasoma habari ya tatu. Kamyo iliyobeba kabichi imeshindwa kusimama kwenye mteremko wa Gikondo jana alasiri, imeingia ndani ya kabare, kilabu cha pombe ya ndizi, mama mmoja muuza nyanya amevunjika mguu. Dereva alikutwa ananuka pombe na amewekwa ndani. Jina halikutajwa.

Mngeniona siku hiyo! Nilipanda tairini kabla redio haijamaliza. Habari yenyewe ilikuwa imeletwa kwangu imepikwa: mlevi, mteremko, kabichi zikibiringika barabarani, kabare ikiingiliwa na mteja asiyeshuka garini. Nikaigiza. Nikamfanya yule dereva akiyumba, nikamfanya akiimba, nikamfanya akikanyaga akitafuta breki kwa mguu wa kushoto. Watu walishika mbavu. Halafu nikashusha sauti, nikamtaja yule mama na mguu wake, nikasema, "Breki ya mtu huyu haikukatika jana mteremkoni. Ilikatika siku alipoonja glasi ya kwanza." Dereva mmoja mkubwa wa mwili akaanza kulia. Wawili wakaja mbele wakasema kuanzia leo pombe basi. Katika miaka yangu yote sijahubiri hivyo tena. Nilishuka tairini kwa furaha, mikono ikinijia kunishika kutoka kila upande.

Mkono wa mwisho ulikuwa wa mwanamke. Sikuwa nimemwona. Alikuwa amesimama nyuma ya watu, mtoto mgongoni, na alikuwa amesikia yote. Ni Verena, mke wa Silasi.

"Fundi," akasema. Hakuniita Pasteri. "Huyo uliyekuwa unamcheza ni Silasi."

Nikauachia mkono wake.

"Hakunywa. Kamyo ilipiga mitungi ya urwagwa, ile pombe ya ndizi, ikamwagika yote juu yake. Anawaambia askari breki zilikataa, hawamsadiki. Leo asubuhi wamezijaribu, zimekamata vizuri. Wanasema ni mlevi na mwongo. Ijumaa wanampeleka gereza kubwa." Akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Nilikuja uwaambie kwamba wewe ulizitengeneza, kwamba Silasi si mtu wa namna hiyo. Sasa sijui kama nilikuja mahali sahihi."

Akaondoka. Nikageuka, Mzee Kasongo alikuwa ameacha kula.

"Uliweka nini mule ndani?" akaniuliza.

"Mafuta."

"Mafuta gani? Mimi ndiye nilikwenda kuyatafuta mji mzima, nikarudi na kopo tupu. Uliweka nini?"

Nikamwambia. Hakunitukana, na hiyo ndiyo ilinichoma. Aliokota sahani yake, akasema, "Leo basi umempata mwenye dhambi aliyepo."

Vijana, mimi siwafichi. Jumatano nzima nilifanya kazi nikijipangia maneno. Nilijiambia: hakuna aliyekufa. Nilijiambia: mafundi wote wanafanya. Nilijiambia hata hili, na ndilo baya kuliko yote: watu wawili wameacha pombe kwa mahubiri yale, nikisema ukweli, si watarudi kabare? Tazameni jinsi shetani alivyo mjanja, alinifanya nimwache mtu mwenye haki ndani kwa ajili ya kulinda wokovu wa wengine! Nilijua pia bosi atanifukuza, na kwamba jina Pasteri Breki litakuwa kichekesho kutoka Gikondo mpaka Nyamirambo. Nililipenda jina lile kuliko nilivyompenda Silasi. Huo ndio ukweli wa Jumatano.

Hapa niwaambie jambo moja pembeni. Mwaka uliofuata redio zilianza kutaja watu kwa majina, wachukiwe. Zilipoanza, mimi nilikuwa nimekwisha kuiondoa ile yangu mezani, kwa sababu nilikuwa nimeonja utamu wa kumsimamisha mtu asiyekuwepo na kumbebesha dhambi mbele ya watu wanaocheka. Nilijua utamu ule unakwenda wapi. Ya 1994 siyaandiki hapa, yana mahali pake. Nasema tu kwamba kidole changu cha kunyooshea watu kilikuwa kimekwisha kufundishwa, na namshukuru Mungu alikifundisha mapema, na kwa kabichi.

Alhamisi mchana habari zikasomwa. Nikazima redio, nikapanda tairini. Watu walikuwa wengi kuliko Jumanne. Sifa zilikuwa zimetembea.

"Juzi niliwahubiria mlevi," nikasema. "Hakuna mlevi. Dereva anaitwa Silasi, mnamjua, hanywi. Breki zake zilikuwa na maji ya sabuni. Niliyaweka mimi, Jumamosi, nikamwambia ni ya Mungu."

Mtu akacheka akidhani ni mzaha. Halafu akauona uso wangu, akaweka sahani chini.

"Nimewafundisha siku zote kwamba kuna mtu asiye na kosa aliyekaa mahali pa wenye makosa. Nilikuwa nalisema kama kasuku. Leo ninalijua kwa jina: mtu asiye na kosa amekaa mahabusu, kwenye kasho ya jandarmu, mahali pangu, tangu Jumatatu, na mimi nipo hapa nakula maharage. Sina la kuongeza. Nakwenda kumtoa."

Nikashuka. Yalikuwa mahubiri ya dakika moja na nusu. Bosi akapaza sauti, "Ukitoka geti hilo usirudi!" Nikatoka. Hatua kumi nikasikia viatu nyuma yangu: Mzee Kasongo na sanduku lake la spana. "Utafungua na meno?" akasema. Nyuma yake yule dereva mkubwa aliyelia, na nyuma yake karibu gereji nzima, wengine na sahani mkononi. Bosi mwenyewe akaja mwisho, nadhani kuona ninavyofungwa.

Mkuu wa kituo cha jandarmu, askari wa usalama wa siku zile, tulimwita Ajida, kwa cheo chake. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye masharubu yaliyokatwa kwa rula. Nikamweleza. Akanitazama kama unavyotazama mtu mwenye homa.

"Hapa watu huja kukataa makosa," akasema. "Wewe unakuja kuomba. Huyu dereva ni ndugu yako?"

"Hapana, Ajida."

"Kakupa kitu?"

"Kanipa kamyo, nikaiharibu."

"Breki iko mzuri. Mimi mwenyewe nilikanyaga. Iko ngumu!"

"Uliikanyaga Jumanne asubuhi, Ajida, ikiwa imepoa. Naomba spana moja tu."

Kamyo ilikuwa uani, pua imebonyea, majani ya kabichi bado yamening'inia kwenye kioo. Nikalala chini yake, nikamwomba Mzee Kasongo akanyage. Akavua kiatu kwanza, mbele ya jandarmu wote, bila haraka. Akakanyaga. Nikafungua ile skrubu ndogo ya kutolea hewa. Vijana, lilitoka povu jeupe, likanidondokea usoni, likaniingia jichoni. Nililia na sijui mpaka leo kama ni sabuni au ni mimi.

Ajida akainama, akachovya kidole, akanusa. "Hii ni sabuni ya kufulia."

"Ndiyo."

"Lakini breki ilikamata."

Hapo ndipo darasa la nne lilipowashinda wenye vyeti. Nikaomba mikebe miwili ya nyanya, mitupu. Mmoja nikajaza yale maji yaliyotoka kwenye kamyo. Kwa mwingine nikaomba mafuta ya breki kutoka kwenye gari la Ajida mwenyewe. Akakataa kabisa, mafuta yale mji mzima hauna! Mzee Kasongo akamwambia taratibu, "Vijiko vitatu, Ajida. Mkubwa hawezi kushindwa na vijiko vitatu." Akatoa. Tukaenda kwa mpishi wa kituo, tukasogeza sufuria ya maharage yake, naye akilalamika, tukaweka mikebe yote miwili juu ya makaa, sawasawa, ubavu kwa ubavu. Jandarmu wakazunguka. Silasi mwenyewe nilimwona kwenye kidirisha cha kasho, vidole vyake vimeshika vyuma, nguo zake bado zinanuka ile pombe.

Tukangoja. Mkebe wa sabuni ukaanza kuguna, ukatoa mapovu, ukafurika, ukamwagika juu ya makaa, tsss! Wa mafuta ulikuwa umetulia kama maji ya ubatizo. Nikasema, "Ajida, mkebe huu ndio ulikuwa mguuni kwa Silasi katikati ya mteremko, na kabichi nyuma yake. Sasa tungoje upoe." Ulipopoa, maji yakatulia, mazuri, hayana kosa. "Na huu ndio uliokanyaga wewe Jumanne asubuhi."

Ajida akaichungulia mikebe, mmoja baada ya mwingine. Hakutaka kusema alikosea. Mtu wa cheo kile hana maneno hayo. Akamgeukia mwenye funguo. "Mtoe yule. Mwingize huyu."

Silasi akatoka, akipepesa macho kwa jua. Tukakutana mlangoni mwa kasho, yeye akitoka, mimi nikiingia. Nilikuwa nimeandaa maneno ya toba, marefu, ya Kikristo. Nikasema tu, "Ilikuwa sabuni."

"Nimeliona povu," akasema. Akajinusa shati. "Harufu yangu ni mbaya sana?"

"Mbaya sana."

"Verena hataniruhusu kuingia ndani." Na alipocheka, gereji nzima iliyokuwa uani ikapiga makofi, na yule dereva mkubwa akaanza wimbo wa kanisani kwa sauti ya lori, na jandarmu wawili wakauitikia kabla hawajakumbuka sare zao. Mimi niliingia kasho nikiimba. Muulizeni mtu yeyote wa wakati ule. Hakuna mtu aliyewahi kuingia kasho ile akiimba isipokuwa mimi. Kujisifu nilisema kutakuja, ndiko huko.

Nilikaa siku tatu. Siku ya kwanza Ajida alinipitia akaniuliza kama gari lake pia lina sabuni. Ya pili akanitoa nikague breki za magari yote ya kituo. Mawili yalikuwa yanakwenda kwa huruma ya Mungu tu. Ya tatu akaniachia. Bosi alikuwa amesema nisirudi, lakini wateja walikuwa wamekuja wakimwuliza yuko wapi yule fundi anayesema ukweli, na bosi hakuwa mjinga. Nikarudi. Ila sikuinua mguu kwenye lile tairi mwezi mzima.

Palikuwa na mtu wa mwisho wa kumwendea. Mama Donata, muuza nyanya, alikuwa kwao na mguu kwenye plasta. Nilimkuta kitandani, nikapiga magoti.

"Simama, unanizibia mwanga," akasema. "Nilisikia ulimcheza yule kijana mpaka watu wakalia. Na mimi, ulinicheza?"

"Nilikutaja, mama."

"Ulinitaja vizuri?"

"Nilikutaja ili watu walie."

"Basi sasa utanitaja kwa mke wako, aje anipikie." Mke wangu alimpikia mpaka plasta ilipotoka. Mimi nilichota maji na kupasua kuni, na kila siku alinikosoa kuni.

Mafuta ya breki yalipofika mjini, Silasi alileta kamyo. Mwenye gari alikuwa amekwisha kuinyoosha pua, na alitaka fundi mwingine. Silasi akamwambia, bila huyu siendeshi. Mzee Kasongo akanifungulia kopo, akaninusisha kwanza, mkorofi yule. Nikasafisha kila bomba, nikaweka raba mpya, nikavua kiatu. Nzuri. Halafu nikavaa kiatu, nikafungua mlango wa upande wa pili, nikakaa.

"Unakwenda wapi?" Silasi akauliza.

"Mteremkoni. Pakia mzigo."

Tukapakia kabichi mpaka juu, tukapanda kilima, tukageuza, tukaanza kushuka mteremko uleule. Nilisikia magurudumu yakipata moto, nikasikia harufu ya breki inayofanya kazi. Silasi alikuwa anaimba chini kwa chini. Ile kabare ikatokea mbele, ukuta wake mpya bado mbichi. Waliokuwa wamekaa nje walipoiona kamyo ile ile, na kabichi zile zile, waliruka kama kuku! Vikombe hewani, mwenye kabare akapita dirishani, mzee mmoja akapanda mti. Silasi akakanyaga. Kamyo ikainamisha kichwa, ikasimama hatua tatu kutoka ukutani, imetulia, kabichi moja tu ikaanguka, ikabiringika taratibu mpaka miguuni mwa mtu pekee ambaye hakukimbia.

Ni Mama Donata. Alikuwa amerudi mahali pake, nyanya zimepangwa mbele yake, fimbo kando. Nikashuka mbio nikamwendea.

"Mama, kwa nini hukukimbia?"

"Kwa mguu huu?" Akaiokota kabichi, akaitia kwenye kikapu chake kana kwamba ameletewa yeye. Halafu akanyoosha kidevu kuelekea kwenye kiti nilichotoka. "Na tena, nilikuona umo ndani."